Mbuyu na Uwanja wa Nyumba

Katika vijiji vingi vya mwambao, mche wa mbuyu ukiota karibu na nyumba uling'olewa ukingali mwororo. Wazee walisema mti huo ni makao ya pepo, na anayeuacha ukue uani amewakaribisha mwenyewe. Watoto walikatazwa kucheza chini yake saa saba mchana, jua linapokuwa kali na njia tupu, na tena magharibi ikiingia. Mkwaju nao ulishukiwa vivyo hivyo, ingawa kivuli chake kilipendwa mno na wasafiri.

Hofu hiyo haikuwa chuki. Watu waliokataa kuishi na mbuyu ndio waliouendea walipopatwa na shida: mgonjwa asiyepona, mwanamke anayetafuta mtoto, mvuvi aliyerudi mikono mitupu mara nyingi. Waliufukizia ubani, wakaunyunyizia marashi, wakafunga vitambaa vyeupe, vyekundu na vyeusi. Masheikh walikemea jambo hilo kuwa ni shirki, mapadri nao wakalikataza, lakini vitambaa havikuisha. Na ndani ya nyumba zilezile, ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi ukaliwa na wakubwa kwa wadogo.

Imani ya pepo ilitoka wapi? Sehemu ya jibu iko kwenye maisha ya mti wenyewe. Maua ya mbuyu hufunguka jioni, meupe, makubwa, yenye harufu nzito, na kufikia kesho yake yameanza kunyauka. Usiku huo popo huyajia kwa makundi, wakipiga kelele. Komba naye huja kunywa utamu wa maua hayo, na kilio cha komba hufanana na cha mtoto mchanga. Mtu aliyelala nyumba ya jirani, bila taa, akisikia mtoto analia juu ya mti, atasema nini? Tena mbuyu mzee huwa na uvungu ndani, ambamo bundi, nyuki na nyoka hupata makazi. Ubao wake ni laini na umejaa maji. Tawi, au hata mti mzima, unaweza kuporomoka ghafla. Aliyekataza kujenga chini yake alimwepusha mwanawe na hatari ya kweli, hata kama aliita hatari hiyo pepo.

Ila naamini sababu kubwa zaidi ni ya kihistoria. Mbuyu umeandamana na watu tangu zamani. Walikula ubuyu, wakatupa mbegu, miche ikaota karibu na makao yao. Kisha vita, njaa, maradhi au kisima kukauka kuliwahamisha. Makuti yakaoza, kuta za udongo zikarudi ardhini, mbuyu ukabaki. Ndiyo maana mwanaakiolojia anayetafuta mji wa kale Pwani huitazama mibuyu kwa makini. Kaole, karibu na Bagamoyo, penye magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, mbuyu mkongwe umesimama jirani na makaburi. Mombasa, mibuyu mikubwa ya Barabara ya Mama Ngina iko katika eneo ulikokuwa mji wa kale wa Tuaca. Kwa vizazi vilivyofuata, kuona mbuyu kulikuwa kuona mahame. Mti uliowazika wenye mji utaachaje kudhaniwa kuwa unakaa na wafu?

Wageni hawakuwa na kumbukumbu hiyo. Wamisionari Wakatoliki walipoanza makao yao Bagamoyo mwaka 1868, walipanda mbuyu kwenye uwanja wao. Husimuliwa kuwa mnamo 1895 bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliufunga mnyororo wa kumfungia punda wake. Mti ulinenepa ukaumeza mnyororo, hata leo kinachoonekana ni kipande kidogo tu.

Mwarobaini nao ni mgeni, umetoka Bara Hindi, lakini ulipokelewa hadi mlangoni. Ulifika bila makaburi ya mtu na bila mahame, ukapewa sifa ya kutibu maradhi arobaini. Mti wa kigeni ukawa tabibu wa nyumba. Mti wa kwetu ukabaki na pepo wake.

Lakini pepo hao walikuwa walinzi. Hakuna aliyethubutu kuutia shoka mbuyu wenye vitambaa. Kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, zilidumu kwa miiko ya namna hiyohiyo. Siku hizi hofu imepungua, bei ya mti imepanda. Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa mashambani Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia kwa ajili ya bustani ya tajiri mmoja, mpaka Rais William Ruto akaagiza uchunguzi mwezi Novemba. Wenye mashamba walikuwa na shida ya fedha, na siwalaumu. Kinachonisikitisha ni kwamba mti wa karne nyingi haukuwa na mtetezi mpaka ulipokwisha kulazwa.

Basi msomaji, ukiwa na mbuyu shambani, waulize wazee nani aliishi hapo, uyaandike majibu kabla hawajaondoka. Na kama una nafasi, panda mmoja. Ikwaruze mbegu ganda lake gumu, iloweke usiku kucha, kisha ioteshe mbali na ukuta wa nyumba. Kwa hilo la umbali, wazee walisema kweli.