Tairi Kubwa na Njia ya Mlimba

Juma lililopita nilipigiwa simu na shemeji yangu aliyeko Mlimba, mkoani Morogoro. Amenunua gari, Land Cruiser ya siku nyingi kidogo, ile ambayo watu wanaiita mkonga, na nia yake ni kubeba abiria na mpunga kati ya Mlimba na Ifakara. Gari lenyewe limekuja na matairi vipara. Basi akanituma Kariakoo nikamnunulie mapya, tena akanisisitizia: "Shemeji, usiniletee hayo membamba ya 7.50. Nataka yale mapana, thelathini na tano, ya kupita njia zote. Masika hiyo inakuja."

Fedha aliyonitumia ni ya mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa, na aliyeweka sahihi ni mkewe. Nikaziangalia zile fedha kwenye simu yangu, nikakaa nazo siku nne bila kwenda Kariakoo. Nitawaeleza kwa nini.

Mwezi wa Aprili mwaka 2012, nikiwa mwandishi mchanga, diploma yangu bado haijapata vumbi, nilipita njia hiyohiyo na gari la ofisi. Ofisi sitaitaja. Mkubwa mmoja alikuwa ameamuru lile gari livalishwe matairi mapana sana, nadhani kwa sababu ya sura kuliko sababu nyingine yoyote. Kila tulipokata kona tulisikia mpira ukisugua madigadi. Njiani mama mmoja akatuomba lifti, ana mtoto anayechemka homa, anampeleka hospitali. Tukampakia. Hatukwenda mbali. Mvua ilikuwa imelowesha udongo mweusi juu tu, kiasi cha kiganja, na chini yake ardhi ilikuwa bado ngumu. Lile gari letu likawa linaelea juu ya ule uji kama mtumbwi. Dereva akikata kulia, lenyewe linakwenda kushoto. Likaishia mtaroni, na humo tukakaa saa tano.

Aliyetutoa ni mzee mwenye Land Rover 109, imejaa magunia, matairi yake membamba utadhani ya pikipiki kubwa. Alipita katika uleule uji akiacha mifereji miwili iliyonyooka. Hakusema neno. Alimchukua kwanza yule mama na mtoto wake, akawafikisha Ifakara, kisha akarudi na kamba kutuvuta sisi. Mtoto alipona, nashukuru, lakini swali nililoondoka nalo siku ile sijawahi kuliacha: imekuwaje watu wengi wenye akili wakaamini kwamba tairi likiwa kubwa na pana ndiyo dawa ya njia mbaya?

Jibu, msikilizaji, limezikwa katika mchanga wa Misri.

Mwaka 1926 jeshi la Uingereza lilimpeleka Misri ofisa mmoja wa mawasiliano aitwaye Ralph Bagnold. Wenzake wakienda likizo kucheza polo, yeye alichukua gari la Ford na kuingia jangwani, kwa fedha zake mwenyewe. Kufikia mwaka 1930 yeye na marafiki zake walikuwa wakiipita Bahari Kuu ya Mchanga, mahali penye vilima vya mchanga virefu kuliko majumba ya ghorofa, ambapo wataalamu walikuwa wamesema hapana gari litakalopita. Wala magari yale hayakuwa ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Yalikuwa Ford za kawaida, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Siri yao kubwa ilikuwa upepo. Uzito wa gari kwa sehemu kubwa hubebwa na upepo uliomo ndani ya tairi, si mpira. Kila inchi ya mraba ya tairi inayogusa chini huikandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na paundi za upepo uliojazwa. Ukiwa na paundi 35, ardhi nayo inakandamizwa karibu kiasi hicho. Ukipunguza upepo ukafika nusu yake, tairi linalala, sehemu inayogusa chini inakaribia kuwa maradufu, na mchanga ambao ulikuwa ukimezwa na gurudumu sasa unalibeba. Bagnold na wenzake walitoa upepo, wakapita, wakajaza tena walipofika penye kokoto. Waliponasa, walitandika chini ya magurudumu mabati mazito waliyoyanunua kwa wauza vyuma chakavu wa Cairo, wakachimba, wakasukuma.

Lakini tairi dogo lenye upepo kidogo hufa upesi. Linajikunja, linapata moto, ukuta wake unapasuka. Tairi lenye tumbo kubwa laweza kubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo bila kujidhuru. Kwa hiyo tairi kubwa lilitakiwa jangwani kwa ajili ya kubebea upepo mdogo. Hiyo ndiyo nusu ya habari ambayo wauza matairi wetu huisahau.

Hapa pana kisa ambacho mimi kama mwandishi wa habari nakipenda. Vita vilipoanza mwaka 1939, Bagnold, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, aliitwa tena jeshini na kupangiwa kuja huku kwetu, Kenya. Meli aliyopanda ikagongana na nyingine katika bahari ya Mediteranea, abiria wakashushwa Port Said kungoja usafiri. Yeye akapanda treni kwenda Cairo kuwasalimu marafiki, na gazeti la mjini likaandika kwamba yupo. Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza katika Mashariki ya Kati, akapata habari, na safari ya Kenya ikafa palepale. Katikati ya mwaka 1940 Bagnold akapewa majuma sita aunde kikosi cha kupenya jangwani nyuma ya majeshi ya Italia. Kikosi hicho, ambacho askari wake wa kwanza wengi walitoka New Zealand, kilitumia lori za Chevrolet za tani moja na nusu, zisizo na milango wala paa, na baadaye zikavalishwa matairi ya mchanga ya 10.50 kwa rimu 16. Zilikuwa lori za kusukumwa nyuma tu, nazo zilipita pale ambapo adui hakuweka hata mlinzi.

Baada ya vita mawazo yale yalisafiri. Marekani, mwaka 1976, kampuni ya BFGoodrich ilitoa tairi la radiali lililoitwa la ardhi zote, kwa ajili ya watu wanaokwenda kazini kwa lami Jumatatu na kuingia jangwani Jumamosi. Iceland, katika miaka ya 1980, mafundi walianza kukata madigadi ya jipu na kuingiza matairi ya inchi 38, hata 44, wakayaacha na paundi tatu au nne tu za upepo ili yaelee juu ya theluji. Huko nako wana haki. Theluji ya barafuni kama ulivyo mchanga haina sakafu ya karibu, ukizama umezama.

Na njia ya Mlimba je? Njia ya Mlimba ina sakafu. Mara nyingi matope yetu ni utandu wa utelezi juu ya ardhi ngumu, na gari linalotaka kwenda ni lile linaloukata ule utandu na kukanyaga chini. Ndiyo maana Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948, ilitoka na matairi ya 6.00 kwa rimu 16, na ile ndefu ya 109 ikaja na 7.50. Membamba, marefu, yenye kashata. Land Cruiser za kazi nazo zikafuata 7.50 hiyohiyo. Wazee wetu wa mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953, waliyajua matope ya namna hii: mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza.

Sisemi kwamba 7.50 inaweza yote. Ukiingia katika jaruba la mpunga lililokorogwa na trekta, hakuna tairi la shemeji yangu wala la yule mkubwa wa ofisi litakalokutoa. Ufukweni nako ningechagua pana.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Tairi la 7.50 kwa rimu 16 lina kimo cha kama inchi 32. La thelathini na tano lina inchi 35 au pungufu kidogo. Gari zima linanyanyuka nusu ya tofauti hiyo, inchi moja na nusu, nalo hilo ni jambo zuri penye mawe. Lakini upana unatoka inchi saba na nusu kufika zaidi ya kumi na mbili, kwa hiyo rimu za gari hazifai, sharti anunue nyingine. Kila gia inakuwa nzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, na ukiwa na mpunga mgongoni unapanda kilima ukilia. Breki zinapata kazi zaidi. Spidi mita ikionyesha 80, wewe uko kwenye 87. Na tairi la spea litakapopasuka porini, utingo atalinyanyua na nani?

Siku ya tano nikaenda Kariakoo. Kijana wa duka alinionyesha yale mapana, akayapiga kofi kama mtu anayesifu ng'ombe. Ni kweli yanapendeza. Nikamwambia nipe matano ya 7.50, radiali, yenye kashata, na spea humo ndani. Chenji iliyobaki nikanunua pampu ndogo ya upepo na kipimo chake, nikavifunga pamoja kwenye basi la Ifakara.

Shemeji alinipigia juzi usiku, baada ya kupokea mzigo. "Shemeji, hii nini? Gari langu umelivalisha miguu ya korongo!" Nyuma yake nilimsikia mkewe akicheka. Nikamsimulia habari ya Misri, akanyamaza kidogo, kisha akasema atayafunga, ila nimtumie risiti kwanza aiweke mpaka masika ipite.