Henriette Renié, Mwalimu wa Kinubi

Wasomaji wa Zaburi wamelizoea jina la kinubi, lakini wachache miongoni mwetu wamekiona kinubi kikubwa cha Ulaya. Chombo hicho kina nyuzi 47, na nyingi katika hizo hufanywa kwa matumbo ya wanyama. Ili mpigaji asipotee katikati ya nyuzi nyingi, kila uzi wa Do hutiwa rangi nyekundu, na kila uzi wa Fa rangi nyeusi. Chini yako makanyagio saba, moja kwa kila sauti ya ngazi. Kanyagio la Do likishushwa, nyuzi zote za Do hupanda nusu sauti pamoja. Likishushwa tena, hupanda nusu nyingine. Ufundi huo ulitengenezwa na Sébastien Érard mwaka 1810. Basi mpigaji wa kinubi hufanya kazi kwa mikono na kwa miguu pia. Yatupasa kuyajua hayo kwanza, ndipo tutakapofahamu ajabu ya mtoto huyu.

Henriette Renié alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 18 Septemba 1875. Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano alimsikia Alphonse Hasselmans, mpigaji mkuu wa zamani zile, akasema palepale kwamba mtu yule ndiye atakayekuwa mwalimu wake. Na ikawa hivyo. Lakini alipoanza kujifunza alikuwa mdogo mno, hata miguu yake haikuyafikia makanyagio. Baba yake hakumwambia angoje mpaka akue. Alibuni vipande vya kuyarefusha makanyagio yale, mtoto akapiga.

Mwaka 1885 aliingia katika Conservatoire, chuo cha serikali cha muziki. Akiwa na umri wa miaka 10 alipewa tuzo ya pili. Mwaka 1887, akiwa na miaka 11, akapewa tuzo ya kwanza. Tangu hapo watu wakaanza kumjia nyumbani awafundishe, na wengi wao walimzidi umri mara mbili. Hebu tufikiri: watu wazima wameketi mbele ya mtoto wa miaka 12, wakisahihishwa vidole vyao! Hawakuona haya, maana elimu haiulizi miaka.

Siku zile kinubi kilidhaniwa kuwa ni chombo cha kupambia tu. Katika okestra kilisikika hapa na pale, kama maji yapitayo juu ya mawe, kisha kikanyamaza. Renié aliona kwamba kina nguvu zaidi ya hiyo, akatunga muziki wa kuithibitisha. Mwaka 1901 alisimama mbele ya okestra ya Lamoureux, iliyoongozwa na Camille Chevillard, akapiga tungo lake mwenyewe la kinubi pamoja na okestra nzima. Watu wakastaajabu kwa mambo mawili: kwamba kinubi chaweza kujibizana na vyombo vingi bila kumezwa, na kwamba aliyetunga na aliyepiga ni mwanamke yule yule mmoja. Zamani hizo mwanamke mtunzi alikuwa kitu cha nadra.

Hata mwaka 1912 Hasselmans akafa, na kiti chake katika Conservatoire kikawa wazi. Wengi walitazamia kwamba Renié ndiye atakayekirithi, maana hapakuwa na mwanafunzi wa Hasselmans aliyejulikana kuliko yeye. Lakini hakukipata, alipewa Marcel Tournier, naye alikuwa fundi na mtunzi mwema. Walioandika habari za Renié husema kwamba imani yake ilihesabiwa juu yake. Alikuwa Mkatoliki asiyejificha, na miaka michache kabla, yaani mwaka 1905, Serikali ya Ufaransa ilikuwa imetengana na Kanisa kwa sheria, na uchungu wa mashindano yale ulikuwa haujaisha mioyoni mwa watu.

Mtu akinyimwa mahali alipopastahili, njia nyingi humfungukia, na nyingi si njema. Aweza kununa, aweza kusengenya, aweza kuacha kazi. Renié aliendelea kufundisha nyumbani. Mwaka 1914 alianzisha mashindano ya wapiga kinubi yaliyoitwa kwa jina lake. Vita Vikuu vilipokuja alifundisha ili apate riziki, tena akapiga kinubi katika mikutano ya kuwachangia wenye shida.

Wakati wa vita vya pili aliandika kitabu cha kufundishia kinubi, nacho kikapigwa chapa mwaka 1946. Humo aliweka mambo aliyoyajaribu maisha yake yote: jinsi ya kuketi, jinsi ya kuuweka mkono, jinsi kidole kinavyoachana na uzi. Hata leo kitabu hicho hutumiwa.

Na wanafunzi wake je? Marcel Grandjany, aliyefundishwa naye tangu utoto, alikwenda Marekani, akafundisha katika chuo cha Juilliard mjini New York tangu mwaka 1938 mpaka 1975. Mildred Dilling, Mmarekani, alikipeleka kinubi katika nchi nyingi. Susann McDonald, Mmarekani mwingine, alifundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Indiana, na mwaka 1989 akaanzisha huko mashindano ya kinubi ya mataifa. Hivyo mwanamke aliyenyimwa chumba kimoja cha kufundishia huko Paris, mafundisho yake yaliingia katika vyumba vingi ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1954 Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur. Alikuwa na umri upatao miaka 78. Mwezi wa Machi 1956 akafa katika mji ule ule alimozaliwa.

Heshima ile ya serikali ilikuja imechelewa, na kiti cha mwaka 1912 hakikurudi kamwe. Hatuwezi kusema kwamba dhuluma ile ilikuwa njema kwa kuwa matunda yake yalikuwa mengi. Tuwezalo kusema ni hili: kiti hutolewa na wakubwa, nao waweza kukizuia, lakini mwanafunzi humfuata ajuaye kazi, popote aketipo.