Kauli ya Kutendwa Tuliyofundishwa Kidato cha Pili

Ndugu mhariri ameniomba niandike juu ya historia ya somo mojawapo tulilofundishwa shuleni hapa. Najua wenzangu wataandika juu ya kabumbu, mabweni na uji wa asubuhi. Mimi nimechagua jambo ambalo wengi wetu tulilichukia: kauli ya kutendwa katika Kiingereza, hasa katika nyakati zilizopita. Ninalo deni katika somo hilo, nami nitalifikia mwishoni.

Tuliingia kidato cha kwanza katikati ya miaka ya 1990, baada ya kusomeshwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, kama ilivyokuwa katika shule za msingi za serikali tangu mabadiliko ya 1967. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini serikali haikukubali pendekezo hilo. Basi tukajikuta tukisoma hata habari za babu zetu kwa Kiingereza.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akifundisha historia pia, kwa hiyo mifano yake ilitoka huko. Siku moja aliandika ubaoni sentensi tatu: “The railway was built.” “The railway was being built.” “The railway had been built.” Alikuwa na maana ya Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1910, alisema, reli ilikuwa ikijengwa. Vita vilipoanza Agosti 1914, ilikuwa imekwisha kujengwa. Sentensi ya kwanza na ya tatu tuliziweza. Ya pili ilitushinda. Hiyo “was being” ilikuwa kama kigugumizi, na wengi tuliandika “was building” tukapata sifuri.

Nilipofika Chuo Kikuu ndipo nilipogundua kuwa Waingereza wenyewe walikuwa wameandika hivyo hivyo kwa muda mrefu. Hadi karne ya 18 nyumba iliyokuwa ikijengwa ilisemwa “was building”, wala hakuna aliyecheka. Sarufi ya Lindley Murray iliyotolewa mwaka 1795, ambayo ilitumiwa na vizazi vya wanafunzi Uingereza na Marekani, haikuwa na umbo la “was being” katika orodha yake ya kauli ya kutendwa. Umbo hilo lilianza kuonekana katika maandishi mwishoni mwa karne hiyo, nalo likapingwa vikali. Mwaka 1870 Mmarekani mmoja, Richard Grant White, alitoa kitabu chenye sura nzima ya kulilaani. Nawaambia vijana mlioko madarasani sasa: mkikosea hapo, msione haya. Mnakosea pamoja na watu wazito.

Kuna jambo lingine la kale zaidi. Sisi tunaichomeka “w” ndani ya kitenzi, basi tumemaliza: jenga, jengwa. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo. Zamani sana kilikuwa na vitenzi viwili vya kusaidia, kimoja cha kuwa katika hali na kingine cha kuingia katika hali. Hiki cha pili kilikufa katika zama za kati, mzigo wote ukabaki kwa “was”. Kwa sababu hiyo “the cup was broken” yaweza kuwa kikombe kilivunjwa, na yaweza kuwa kikombe kilikuwa kimevunjika. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo. Ukisema kilivunjwa, umekiri kuwa kuna mkono. Ukisema kilivunjika, mkono umeuacha nje.

Makosa yetu mengine yalitoka nyumbani. “Niliibiwa baiskeli” tuliigeuza kuwa “I was stolen my bicycle”, na mwalimu akauliza ni nani aliyembeba mwanafunzi mzima. Neno letu “na” nalo lilituponza: mtu aliyepigwa na askari tulimwandika “was beaten with a policeman”, kana kwamba askari ni fimbo.

Kisha ikaja kanuni ya “by”. Mtendaji asipojulikana, au asipokuwa muhimu, achwe. Mwenzetu mmoja alinyosha mkono akauliza: kama reli ilijengwa “by the Germans”, waliobeba mataruma na kuchimba udongo ni akina nani? Mwalimu alikaa kimya kidogo, akafuta “by the Germans”, akaandika “by African labourers”. Baadaye akafuta hayo pia, akasema sentensi inatosha bila mtendaji. Mpaka leo naona asingefuta mara ya pili.

Kanuni hiyo niliitumia upesi. Nilikuwa kiranja wa maabara. Jioni moja, nikipanga vifaa peke yangu, niliisukuma mizani kwa kiwiko ikaanguka. Kesho yake nilitakiwa kuandika taarifa kwa Kiingereza. Niliandika: “The balance was broken on Tuesday.” Sarufi haikuwa na kosa hata moja. Aliyeisoma alidhani nimeikuta hivyo, nami sikumsahihisha. Mvulana aliyekuwa na zamu ya usafi siku hiyo alirudishwa nyumbani akalete fidia. Alikaa huko wiki tatu, kwa kuwa mzazi wake alingoja kuuza mahindi, na mtihani wa muhula ukampita.

Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa muda mrefu sasa. Kila siku hupita mezani kwangu majalada yenye “it was decided” na “the matter was overlooked”, na barua za Kiswahili zenye “imeonekana kuwa”. Kila nikikutana nazo huchukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni: nani? Vijana wa ofisini hudhani ni ukali wa mkubwa.

Mwenzangu yule sitamtaja jina. Nimesikia kuwa hupokea jarida hili. Ndugu yangu, mizani ile haikuvunjika, wala hukuivunja wewe. Niliivunja mimi, Jumanne jioni, na fedha ya mahindi ya mzee wako niko tayari kuirudisha siku ya mkutano wetu.