Bibi Waliobaki Kisiwani

Ijumaa, jua likianza kuinama, nona alikuwa na kazi isiyongoja. Alitandika maganda ya vitunguu chini ya chungu, akapanga mayai mabichi juu yake, akayafunika kwa maganda mengine, akatia maji, chumvi na mafuta kidogo. Wengine waliongeza machicha ya kahawa. Chungu kilikaa juu ya makaa usiku kucha, kwa kuwa Sabato ikishaingia Myahudi haruhusiwi kuwasha moto. Asubuhi wanaume wakirudi kutoka sinagogi, mayai yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia mpaka ndani, na watoto walikuwa wameshaanza kugombania borekas, yale maandazi yaliyojazwa jibini au biringanya. Mayai hayo yanaitwa huevos haminados, na yanapikwa vivyo hivyo leo Seattle, Brussels na Cape Town.

Nona ni bibi. Mtaa wake ni La Juderia, ndani ya kuta za mji wa Rhodes, kwenye kisiwa ambacho Biblia zetu hukiita Rodo. Hispania ilipowafukuza Wayahudi wake mwaka 1492, wengi walikimbilia milki ya Waturuki wa Kiothmani. Sultani Suleiman alikitwaa kisiwa mwishoni mwa 1522, na baada ya hapo familia zenye asili ya Hispania zikaja kukaa humo. Sinagogi yao, Kahal Shalom, ni ya mwaka 1577 na ingali imesimama. Ndiyo kongwe kuliko zote zinazotumika Ugiriki.

Hapa desturi inataka nisimulie kuhusu ufunguo. Kila mtu aliyewahi kuandika juu ya Wayahudi hawa husema kwamba koo zao zilihifadhi, kwa karne nne, funguo za nyumba walizoziacha Toledo au Córdoba, na kwamba bibi ndiye aliyeutunza ule wa kwao. Ni hadithi nzuri, lakini wanaoisimulia ni wengi mno kuliko walioushika ufunguo wenyewe. Mimi nauacha kando, kwa sababu mali waliyotoka nayo Hispania ilikuwa vinywani mwao na haihitaji shahidi.

Wanaume walikuwa na Kiebrania cha sala, na baadaye Kifaransa na Kiitaliano cha shule na biashara. Nona alikuwa na Kiladino, Kihispania cha zama za kufukuzwa, kilichookota Kituruki, Kigiriki na Kiebrania njiani. Humo mlikuwa na Kiarabu pia, tangu enzi za Waislamu wa Andalusia, na msomaji wa Kiswahili akikisikiliza atashtukia ndugu. Jumapili ni alhad. Babu yake ni yuleyule aliyetuzalia Alhamisi. Mgonjwa ni hazino, na sisi tuna huzuni.

Jioni za baridi watu walikusanyika kwenye mangal, jiko la makaa la kuotea moto, na nona akatoa konsejas, yaani ngano. Shujaa aliyependwa kuliko wote ni Djoha, mjinga mwerevu, ambaye huku kwetu angeitikia akiitwa Abunuwasi. Kisa cha sufuria iliyozaa, kisha ikafa, kimesafiri pande zote mbili. Zilikuwapo pia romansas, nyimbo ndefu za wafalme na malkia wa Hispania, alizoziimba mwanamke akifua au akibembeleza mtoto, na ambazo wataalamu walikuja kuzinakili baadaye kama watu waliokuta hazina jikoni.

Nona alikuwa mganga vilevile. Mtoto akipatwa na jicho la husuda, au mtu mzima akishtuka akakosa usingizi, aliitwa bibi anayejua prekante, maneno ya kuagua. Alimzungushia chumvi, au karafuu aliyoitupa motoni. Karafuu ikipasuka, jicho limepasuka nalo. Karafuu hiyo imenikalisha kitako zaidi ya mara moja. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 sehemu kubwa ya karafuu ya dunia ilitoka Unguja na Pemba, na bibi wa pwani anajua bila kuelezwa kwa nini mtu atupe kitu motoni kwa ajili ya kijicho. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikafika shule za Alliance, jumuiya ya Kiyahudi ya Ufaransa. Wajukuu waliofundishwa na walimu wa Paris wakaanza kuona haya.

Kulikuwa na kamba nyingine ya kufungia vizazi: jina. Wayahudi wa Poland na Urusi huogopa kumpa mtoto jina la mzee aliye hai, wakiona ni kumharakishia kifo. Wa Rhodes walifanya kinyume. Binti alipewa jina la bibi yake mzaa baba huku bibi mwenyewe ameketi palepale akimwangalia. Kwa Kiswahili tungesema alikuwa somo yake. Somo humfundisha somo yake. Ndivyo mapishi, nyimbo na maneno ya kuagua yalivyojua yaelekee wapi.

Kisiwa kilikuwa maskini. Italia ilikitwaa mwaka 1912, biashara na pwani ya Anatolia ikayumba, na mahari, ambayo kwao ilitolewa na upande wa bibi harusi, ikawa mzigo kwa baba mwenye mabinti. Vijana wa kiume wakaondoka. Wengine walikwenda Seattle, wengine Buenos Aires, na wengi wakaja Afrika: Salisbury, ambayo sasa ni Harare, na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Huko Katanga, jimbo la mji huo, waliuza vitambaa, chumvi, samaki na mitungi, na Kiswahili wakakijifunzia kaunta. Aliyefanikiwa aliandika barua nyumbani kuomba mchumba. Binti akafunga ashugar yake, yaani sanduku la mashuka na taulo alizozitarizi tangu utotoni, akapanda meli. Nona hakupanda. Nani angemsafirisha kikongwe kwenda kwenye migodi?

Mwaka 1938 sheria za kibaguzi za Mussolini, mtawala wa Italia, ziliwaondoa wengine mamia. Septemba 1943 Wajerumani wakakishika kisiwa. Kufikia hapo waliobaki La Juderia walikuwa hasa wazee, wanawake na watoto.

Tarehe 23 Julai 1944 walipakiwa kwenye majahazi ya mizigo. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwanasua zaidi ya 40 kwa kudai ni raia wa nchi yake. Waliosalia, pamoja na wachache wa kisiwa cha Kos, walizidi 1,700. Walivukishwa bahari mpaka Piraeus, kisha wakafungiwa ndani ya mabehewa ya treni hadi Poland, na walifika kambi ya Auschwitz tarehe 16 Agosti. Wazee na watoto wadogo waliuawa kwa gesi walipofika. Waliookoka ni kama 150, wengi wao vijana. Bibi wa mtaa mzima walitoweka katika safari moja.

Kwa hiyo mabinti wa Elisabethville walijikuta hawana wa kumwuliza. Walioondoka wakiwa na miaka 18 au 20, wakijua nusu ya wimbo na robo ya mapishi, ndio waliokuwa wazee wa ukoo sasa. Walipika kwa kukumbuka mkono wa mtu, kwa kuwa nona hakupima. Unga ulitiwa lo ke yeva, kadiri utakavyobeba. Anayejua kukanda chapati hatauliza maana yake.

Mji huo ulikuwa na sinagogi tangu 1930, na rabi wa kwao wenyewe, Moïse Levy, mzaliwa wa jamii ya Rhodes, aliyefika 1937 akahudumu hadi 1991. Kabla ya uhuru Wayahudi wa Kongo nzima walifika kama 2,500. Baada ya 1960 wengi walihama tena, safari hii wakielekea Ubelgiji na Afrika Kusini, na vyungu vikahama nao.

Lakini si wajukuu wote wa Rhodes waliokuwa na nona. Baadhi ya wale wanaume walizaa na wanawake wa Kikongo, na watoto wakalelewa na bibi wa upande wa pili. Nissim Soriano, aliyekimbia Rhodes na kufanya biashara ya samaki kandokando ya ziwa Mweru, ndiye baba wa Moïse Katumbi, mwanasiasa na mwenyekiti wa klabu ya soka ya TP Mazembe. Historia za La Juderia nilizozisoma huwapitia watoto wa namna hiyo haraka haraka, kama zina aibu.

Walioandika walichelewa, lakini waliandika. Rebecca Amato Levy, akiwa Los Angeles, alitoa kitabu cha kumbukumbu mwaka 1987, I Remember Rhodes. Stella Levi, aliyezaliwa mtaani humo 1923 na kunusurika Auschwitz, alikaa na mwandishi Michael Frank siku za Jumamosi kwa miaka kadhaa. Kitabu chao cha 2022 kinaitwa One Hundred Saturdays, Jumamosi mia moja, na bibi waganga wamo humo.

Mtaa wenyewe sasa ni maduka ya watalii. Ndani ya Kahal Shalom, mpaka miaka ya 1930, wanawake hawakukaa na wanaume. Walikaa vyumba vya pembeni, wakifuata sala kupitia matundu ya ukutani yenye mapazia. Mwaka 1997 Aron Hasson, mwanasheria wa Los Angeles ambaye babu na bibi zake walitoka Rhodes, alianzisha jumba dogo la makumbusho. Picha za harusi, hati na nguo zilizotariziwa kwa mkono zimetundikwa humohumo, katika vile vyumba vya wanawake.