Mikarafuu Kwenye Karatasi: Mali za Koo za Unguja na Pemba

Biashara ya karafuu ya Unguja na Pemba ilikuwa biashara ya ukoo. Baba alipandisha miti kwa mikono ya watumwa, watoto wakauza mavuno, wajukuu wakarithi miti pamoja na madeni yake. Tangu Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja, karibu na mwaka 1840, hadi Mapinduzi ya 1964, mali hiyo ilipita mikono mingi. Kila ilipotikiswa na kifo, deni au ugomvi, kadhi au karani alishika kalamu. Ilipokaa kwa amani haikuandikwa, na kwa hiyo anayefuata historia ya ukoo kwenye nyaraka hukutana nao zaidi katika siku zake za shida.

Nyaraka za zamani zaidi ni zile zinazoitwa waraka, hati za Kiarabu zilizoandikwa mbele ya mashahidi. Waraka hauna ramani wala namba ya kiwanja. Shamba hutajwa kwa jina la mahali na kwa mipaka minne: upande huu shamba la fulani bin fulani, upande ule njia, upande wa tatu bonde, upande wa nne mali ya warithi wa marehemu fulani. Kwa hiyo hati moja hutaja majirani pia, na shamba lisilo na hati yake mara nyingi huonekana kwenye mpaka wa hati ya mwingine. Miti nayo huhesabiwa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mtu aliweza kumiliki miti juu ya ardhi isiyokuwa yake. Thamani ilikuwa kwenye miti kuliko kwenye udongo.

Hati inayopotosha wasomaji wengi ni ile ya bei khiyari. Mwenye shamba alihitaji fedha, na riba ni haramu. Basi alimuuzia mkopeshaji shamba kwa, tuseme, riale 500, kwa sharti kwamba akizirudisha ndani ya muda waliokubaliana shamba litakuwa lake tena. Kisha akalipanga shamba hilo hilo na kuendelea kuchuma karafuu zake. Kodi aliyolipa ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Anayesoma neno “ameuza” akaishia hapo atadhani ukoo umepoteza mali, kumbe ndio kwanza umeingia kwenye deni. Inabidi atafute hati ya kukomboa, au hati ya pili ya kuongeza deni, na kuoanisha tarehe za Hijria na za Kizungu. Baadhi ya wakopeshaji walikuwa Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza, na hati zao zilisajiliwa katika ubalozi mdogo wa Uingereza. Leo kumbukumbu hizo zimo katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani.

Tufani ya Aprili 1872, mwaka 1289 wa Hijria, iling’oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Ukoo unaoonekana Unguja kabla ya mwaka huo huenda ukapatikana Wete au Chake Chake baadaye, kwa maana Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya karafuu tangu hapo.

Mirathi ndiyo hazina kubwa zaidi. Zanzibar ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza kuanzia 1890, majalada ya marehemu yalianza kukusanya vitu vingi pamoja: orodha ya mali, madai ya wadai, majina ya warithi na ushahidi wa nasaba. Huonekana humo vitanda, masanduku, majamvi ya kuanikia karafuu, fedha alizokopesha marehemu na mavuno ambayo hayajauzwa. Gharama za maziko na madeni hulipwa kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi hugawana.

Hesabu yenyewe hueleza kwa nini mashamba yalimeguka. Mtu akiacha mke, mwana mmoja, mabinti wawili na mikarafuu 320, mke hupata thumuni, yaani miti 40. Katika 280 iliyobaki mwana hupata 140 na kila binti 70. Binti mmoja akifa na kuacha mume na mtoto wa kiume, mume hupata robo: miti 17 na nusu. Vipande kama hivyo havigawiki shambani. Viliuzwa kwa ndugu, viliwekwa rahani au vilizua kesi, na kila njia iliacha karatasi. Ndiyo maana wanawake, ambao historia nyingi za biashara hazikuwataja, wamejaa kwenye majalada haya kama wamiliki, wadai na wauzaji.

Wamo pia waliokuwa watumwa. Suria aliyezaa na bwana wake alikuwa huru bwana akifa, lakini hakurithi. Mtoto wake alirithi sawa na mtoto wa mke. Mtumwa aliyeachwa huru aliweza kumiliki mali, na kwa sheria ya Kisunni akifa bila warithi wa damu, aliyemwacha huru au jamaa zake waliweza kudai. Baada ya utumwa kufutwa kisheria mwezi Aprili 1897, madai ya namna hiyo yaliwalazimu watu kueleza mahakamani asili waliyotaka isahaulike. Majina katika kesi hizi yanahitaji uangalifu mkubwa, kwani mtu mmoja aliweza kutajwa kwa jina la utumwani katika jalada moja na kwa nisba ya Kiarabu katika jingine.

Kisa cha Sayyida Salme kinaonyesha nguvu ya sheria hizo hata katika jumba la sultani. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, na bado Seyyid Said alipofariki 1856 Salme alirithi kama binti wa sultani, fungu lake likiwa nusu ya fungu la kaka. Alipata shamba lenye nyumba, pamoja na fedha. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akabatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani. Tangu hapo ndugu zake walipofariki hakuwa na fungu, kwa kuwa asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Alirudi 1885 chini ya ulinzi wa manowari za Kijerumani kudai haki yake, na Sultan Barghash, kaka yake, hakumpa.

Mali iliyowekwa wakfu ilitoka kwenye mgawanyo huu kabisa. Haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake huenda kwa msikiti, maskini au kizazi cha mwenyewe. Kuanzia 1905 kulikuwa na kamisheni ya wakfu iliyosimamia mali hizo. Shamba linalotoweka ghafla kwenye majalada ya mirathi litafutwe huko kwanza.

Bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1930, mashamba mengi yalikuwa yamezama kwenye madeni. Sheria ya 1934 ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia kwa wengine bila idhini ya serikali, na uchunguzi wa madeni uliofuata ulizalisha majalada mengine. Baada ya Mapinduzi ardhi ilitaifishwa, na kuanzia 1965 wakulima wakagawiwa eka tatu tatu kutoka mashamba makubwa. Kwa miaka hiyo uzi wa ukoo huhama kutoka mahakamani kwenda kwenye kumbukumbu za ugawaji, na baada ya sheria za ardhi za 1990 na 1992 huendelea kwa Mrajis wa Ardhi. Kipande cha eka tatu kina namba yake, lakini ili kujua kilimeguliwa kutoka shamba la nani, bado hutafutwa jina la mahali na majina ya majirani katika waraka wa zamani.