Markov, Pushkin na Mizani Zetu

Chanzo cha makala haya ni kicheko. Mwaka jana, katika semina yetu ya ushairi, mwenzetu mmoja alileta shairi la beti nne lililotungwa na programu ya akili mnemba. Alikuwa ameiagiza waziwazi: tarbia, mizani 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho. Tukalihesabu palepale kwa vidole. Mshororo wa kwanza mizani 16, wa pili 15, wa tatu 17. Darasa zima likaangua kicheko. "Jamani, hata kuhesabu haijui!" akasema mmoja wetu. Mwalimu akatabasamu, na hoja ikafungwa hapo. Mimi nilicheka kuliko wote.

Haya ilinipata baadaye, nilipoanza kusoma historia ya utafiti wenyewe. Kumbe mmoja wa mizizi mikuu ya kazi hii ya kuifanya mashine ishughulikie lugha ni kuhesabu, tena kuhesabu kazi ya mshairi.

Mshairi huyo ni Pushkin, na aliyehesabu ni Andrei Markov, mwanahisabati aliyekuwa amefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha St Petersburg. Mwezi Januari 1913, akiwa na umri wa miaka 56, Markov alisoma taarifa yake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Urusi. Alikuwa amechukua herufi 20,000 za mwanzo za Eugene Onegin, riwaya iliyotungwa kwa beti: sura ya kwanza yote na beti 16 za sura ya pili. Akafuta nafasi kati ya maneno, akafuta nukta na mikato, akaacha alama mbili za Kirusi zisizo na sauti yake zenyewe. Kilichobaki akakigawa katika mafungu 200 ya herufi mia mia, kisha akaanza kuhesabu kwa mkono: hii irabu, hii konsonanti. Alipomaliza, irabu zilikuwa 8,638.

Mtu wa fasihi akisoma habari hii atauliza, na mimi niliuliza: mzee huyu alikuwa anatafuta nini? Hakuwa anamtafuta Pushkin hata kidogo. Alikuwa katika ugomvi.

Mgomvi wake alikuwa Pavel Nekrasov wa Moscow, mwanahisabati aliyepata pia elimu ya dini. Wote wawili waliijua kanuni ya zamani kwamba ukirusha sarafu mara nyingi mno, wastani wa matokeo hutulia. Nekrasov alidai kwamba wastani hautulii isipokuwa pale ambapo kila tukio halitegemei jingine. Halafu akaruka mbali zaidi: takwimu za jamii, kama vile za uhalifu, zinatulia mwaka hata mwaka, basi matendo ya watu hayategemeani, basi binadamu ana hiari. Markov, ambaye mwaka 1912 aliliandikia Kanisa la Urusi akiomba atengwe nalo, aliona kwamba hapo hisabati inabebeshwa mzigo usio wake. Tangu mwaka 1906 alikuwa amekwisha kuthibitisha kwa kalamu kwamba hata mambo yanayotegemeana, kila moja likiathiriwa na lililolitangulia, wastani wake unaweza kutulia. Pushkin alikuja kuwa shahidi. Katika zile herufi 20,000, uwezekano wa kupata irabu baada ya irabu ulikuwa kama 0.13 tu, lakini baada ya konsonanti ulipanda hadi 0.66. Herufi zinategemeana, hilo halina ubishi. Hata hivyo idadi ya irabu kutoka fungu hadi fungu haikuyumba ovyo. Ilizungukazunguka 43 katika kila mia.

Ndiyo hiyo minyororo ya Markov. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon aliitumia kutengeneza sentensi za Kiingereza za kubahatisha. Alifungua kitabu popote, akachukua herufi moja, akafungua ukurasa mwingine, akasoma mpaka akaikuta herufi ile, akaandika inayofuata. Mashine za leo hutazama nyuma mbali zaidi kuliko herufi moja, na hesabu yake ni nzito ajabu, lakini swali wanalofundishiwa ni lilelile: baada ya hiki, kipi kinafuata?

Sasa tuyalete haya nyumbani. Tuseme Markov angepewa tarbia ya Kiswahili badala ya Onegin. Msomaji anajua kwamba silabi zetu, takriban zote, huishia kwa irabu. Kwa hiyo mizani moja ni irabu moja, ukiacha m na n zinazosimama peke yake kama katika mtu na nchi, na maneno ya mkopo kama labda na daktari. Ubeti wa mishororo minne ya mizani 16 una mizani 64. Markov angejua idadi ya irabu zake, kwa tofauti ndogo sana, kabla hajatia wino kwenye kalamu! Kile alichokitolea jasho kwa Pushkin, kwetu ni sheria iliyowekwa na mtunzi mwenyewe. Utulivu ule hautoki katika lugha peke yake. Kuna mtu aliyeutaka.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini programu ile ilichemsha. Kulikuwa na njia nyingine ya kuishughulikia lugha yetu. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Kimmo Koskenniemi alitoa mwaka 1983 mfumo wa kanuni za kuchanganua maneno, na kuanzia mwaka 1985 Arvi Hurskainen akautumia kwa Kiswahili. Neno kama tulipomwona linapasuliwa humo kama tunavyolipasua darasani: tu-li-po-mw-on-a, kila kiungo na kazi yake. Kanuni hizo ziliandikwa na mtu anayeijua lugha. Lakini njia iliyokuja kutawala ni ile ya hesabu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha, kwa ajili ya tafsiri, namna ya kukata maneno vipandevipande kwa kuangalia ni herufi zipi huandamana mara nyingi, mbinu iliyoanza kama njia ya kubana mafaili ya kompyuta. Mashine nyingi za sasa hula lugha kwa vipande vya namna hiyo. Kipande si silabi wala si kiambishi. Ni mazoea ya maandishi tu. Mtu anaweza kuwa kipande kimoja, nasi tunamhesabia mizani mbili. Mashine ile haikushindwa kuhesabu mizani, bali haijawahi kuziona.

Kwa hiyo kicheko chetu hakikuwa na msingi? Kilikuwa nao, ila sidhani kama kiliihusu mashine. Tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, wahakiki wetu wamegombana kama shairi linaweza kuwa shairi bila mizani na vina. Katika semina zetu karibu wote tunajiita wanamabadiliko. Tunasema shairi ni zaidi ya hesabu, na anayehoji anaitwa mhafidhina. Lakini siku ile, tulipoletewa shairi la mtunzi tusiyempenda, kitu cha kwanza tulichokishika ni vidole. Eti limepungua mizani, basi! Markov naye alilivua shairi likabaki irabu na konsonanti, ila yeye hakudai kwamba anahakiki. Mwaka 1915 Nikolai Morozov alipopendekeza kwamba mwandishi anaweza kutambuliwa kwa kuhesabu maneno yake madogomadogo, aliyempinga mwaka uliofuata ni Markov huyohuyo, akisema idadi iliyohesabiwa ni ndogo mno.

Karatasi ya semina ile bado ninayo. Pembeni mwa kila mshororo nimeandika 16, 15, 17, kwa wino mwekundu. Ubeti wa pili ulikuwa unasema nini, ilinibidi nikausome upya juzi nilipokuwa naandika haya.