Mfuatano wa Picha Katika Umatengo na Mwambao wa Nyasa

Yeyote atakaye kuandika tarehe ya vitabu vya picha katika nchi iliyo baina ya milima ya Umatengo na maji ya Nyasa hana budi kuanzia mbali, mjini Berlin, ambako mwaka 1906 nyumba ya uchapaji ya Dietrich Reimer ilitoa kitabu kinene juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma pamoja na atlasi ya picha iliyofuatana nacho. Kazi hiyo ilikuwa ya Friedrich Fülleborn, tabibu wa jeshi la Wajerumani, ambaye katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 alizunguka pande hizi na msafara wa wapagazi, vyombo vya kupimia miili ya watu, na mabamba ya kioo ya kupigia picha, ambayo wale walioyachukua vichwani waliujua uzito wake kuliko wote waliokuja kuyatazama baadaye yakiwa karatasi.

Maudhui ya Fülleborn yalikuwa kabila, na mfuatano wa picha zake ulitii maudhui hayo. Wakonde walipewa fungu lao, Wangoni lao, Wayao lao. Nyuso zilipigwa kwa mbele na kwa ubavu, kama ilivyokuwa desturi ya wapimaji wa zama zile. Sipendi kuidharau kazi yake, maana mwanga wa picha nyingi ni safi na jicho lake lilikuwa kali. Walakini katika mpango wa namna ile mtu hufuatwa na mtu mwingine wa kabila lake asiyemjua kabisa, wala hafuatwi na mkewe, au mwanawe, au jirani aliyemwazima jembe. Mpango ule uliwafaa wasomaji aliokusudia, yaani wanazuoni waliotaka kulinganisha fuvu na fuvu, nao hawakuhitaji kujua nani ni nduguye nani.

Wamisionari walikuja na mfuatano mwingine. Waingereza wa UMCA, waliokuwa na makao yao makuu katika kisiwa cha Likoma na meli zao zikiambaa pwani hii tangu miaka ya 1880, walikuwa na jarida lao, Central Africa, lililochapwa London tangu mwaka 1883. Na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, waliofika Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899 na Litembo mwaka 1914, walikuwa na majarida yao kwa wasomaji wa Ujerumani. Msomaji wa majarida ya misheni aghalabu alikuwa mtoa sadaka, na mtoa sadaka hupenda kuona mali yake imezaa nini. Kwa hiyo kanisa la nyasi lilitangulia na kanisa la matofali likafuata, mtoto asiye na nguo alitangulia na mwanafunzi mwenye kanzu nyeupe akafuata. Huo ni mpango wenye nguvu nyingi, na hata leo hupangwa hivyo taarifa za miradi. Aibu yake ni kwamba picha ya kwanza huhukumiwa na ya pili, na maisha yaliyokuwa kamili kabla ya mgeni kufika hugeuzwa kuwa utangulizi wa maisha mengine.

Hapa ningependa kukumbusha habari ya Liuli, kwa kuwa yaonyesha jinsi mahali pamoja paweza kubeba maudhui zaidi ya moja. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu waliona katika jiwe la pale sura ya sanamu ile kubwa ya Misri. Wenyeji kwa upande wao wana jiwe lao la Pomonda na masimulizi yao ya maficho ya siku za vita. Tarehe 13 Agosti 1914 nahodha Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen aliipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ilhali nahodha wake, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, hakuwa na habari kwamba vita vimekwisha kutangazwa. Mwaka 1928 akafa huko huko Liuli mmisionari W. P. Johnson, baada ya nusu karne hivi ya kazi katika pande za ziwa. Picha moja ya ufuko wa Liuli, ikiwekwa baada ya picha ya mzinga, ni uwanja wa vita. Ikiwekwa kabla ya kaburi la Johnson, ni nchi ya ibada. Ikiwekwa baina ya mitumbwi na vichanja vya dagaa, ni mahali ambapo watu wanapata kitoweo.

Mfuatano wa tatu ulizaliwa majumbani, nao ndio unaonivutia zaidi. Vijana wengi wa wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbinga na pwani yake, walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, hasa baada ya shirika la SILABU kuanzishwa mwaka 1944 kuwaandikia mashamba hayo wafanya kazi; na picha ilikuwa hidaya nyepesi ya kumtumia mama katika bahasha, mwana amesimama mbele ya pazia lililochorwa bustani, saa ya mkononi ikiwa imeelekezwa kwa makusudi upande wa kamera, na nyuma ya karatasi maneno ya ukumbusho kwa wino wa buluu. Huku milimani kahawa ilileta fedha, na fedha ya kahawa ilimleta mpiga picha; msimu wa mavuno ulipokwisha ndipo zilipofungwa arusi, na picha nazo zikafuata arusi.

Picha hizo ziliingia katika albamu za kurasa nyeusi, zikashikwa kwa pembe ndogo za karatasi, na baadaye katika albamu za nailoni, ambazo nazilaumu kwa kuwa picha huchomoka humo na kurudishwa popote. Walakini hata zilipokuwa zimechanganyika, maana haikupotea, kwa sababu albamu haikusomwa peke yake. Mgeni alikaribishwa, akapewa albamu apitishe wakati ilhali ugali unasongwa, na mwenyeji akaketi kando yake akisema: huyu ni babu, huyu ni shangazi yule aliyeolewa Lituhi, huyu simwambii mtu habari zake. Wazee walitangulia na watoto wakafuata kwa ajili ya heshima, lakini mfuatano wa kweli ulikuwa kinywani mwa msimulizi, ambaye aliweza kuruka ukurasa wenye huzuni au kurudi nyuma mgeni alipouliza.

Kitabu cha picha cha siku hizi, kinachochaguliwa kutoka simu na kuchapwa kwa jalada gumu, hakina mtu wa kuketi kando yake, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Mtu huchukua picha mia tatu za arusi moja na kudhani amepata maudhui, ilhali arusi ni tukio tu, na kurasa thelathini za watu wale wale wakila keki hazimwelezi mjukuu jambo lolote. Ningemshauri Mmatengo afuate mwaka wake: aanze na ngoro mwishoni mwa masika, pale nyasi zilizofyekwa zinapolazwa mistari ya kukatana juu ya mteremko na wanawake wanapozifunika kwa udongo wanaouchimba katikati, na kuacha mlima mzima una mashimo kama sega la nyuki, afuatishe maharage, kisha kahawa inapowiva katika miezi ya baridi, kisha mahindi mapya juu ya matuta yale yale. Katika mwaka huo arusi itapata mahali pake baada ya mauzo ya kahawa, na sababu yake itaonekana pasipo maelezo. Mtu wa ziwani naye aweza kupanga kwa pepo na giza: usiku usio na mwezi wa taa za wavuvi wa dagaa, kisha siku za mwera ambapo mitumbwi imevutwa mchangani na wanaume wanashona nyavu. Aliye na ndugu pande zote mbili ana njia ya kushuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ambako kila kona ya barabara hubadilisha zao, hewa na chakula, kahawa ikiachia mihogo nafasi.

Limebaki swali la nyuso za Fülleborn na za majarida ya misheni, ambazo siku hizi huonekana katika simu za watu wa Ruvuma kwa wepesi ambao yeye mwenyewe asingeudhania, na ambazo wengi wanaotunga vitabu vya ukoo huziweka ukurasa wa kwanza kama kwamba ukale peke yake ni nasaba. Mimi naona si insafu kumchukua mtu ambaye jina lake halikuandikwa na kumfanya babu. Afadhali awekwe katikati ya kitabu, mkabala na picha ya kijiji au ufuko alikopigwa, na chini yake yaandikwe mahali, mwaka, na jina la aliyeishika kamera.